Somo la Tisa: Chatu wa Tumboni

  Natumaini mmekwisha kaa, redio imewekwa mahali ambapo wote wanasikia, na yule aliyechaguliwa kuandika anayo kalamu yake mkononi.

Juma lililopita nilipokea barua ya msikilizaji mmoja. Anauliza hivi: wazee wetu walikuwa watu wenye akili, walijua kulima, kufuga na kuamua mashauri, mbona basi waliamini kwamba mtu aweza kuwa na chatu tumboni? Swali ni zuri, na leo nitalijibu kwa historia ya wilaya yetu wenyewe. Lakini namwomba mwandishi wa barua aniwie radhi, maana sitalijibu kwa upande mmoja. Katika kueleza jinsi wazee walivyokubali jambo hili na kulikataa lile, hapana budi tuguse pia namna sisi tunavyofanya.

Kwanza tuieleze imani yenyewe, kwa kuwa si haki kulicheka jambo kabla hujalijua. Kati ya mwaka 1934 na 1938 waliishi katika wilaya ya Rungwe, ambayo siku zile ilikuwa pamoja na Kyela ya leo, mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson. Kazi yao ilikuwa kuchunguza maisha ya watu. Walijifunza Kinyakyusa, wakakaa vijijini, wakahudhuria misiba na mashauri, wakaandika waliyoyasikia. Bwana Wilson alifariki mwaka 1944, na Bibi Wilson, ambaye alizaliwa Afrika Kusini, ndiye aliyekusanya maandishi yale akayatolea vitabu. Kimoja kilitoka mwaka 1951, kikaitwa Good Company. Habari zake nyingi ni za jambo mnalolijua vizuri kwa jina lake la kwetu: ukwangala, yaani raha ya kukaa pamoja na wenzako, kula, kunywa na kuzungumza.

Kwa maelezo aliyopewa, mchawi ni mtu mwenye chatu tumboni. Usiku mwenyewe amelala, na chatu hutoka kwenda kuwatafuna majirani usingizini na kunyonya maziwa ya ng'ombe wao. Tamaa yake ni chakula, hasa nyama na maziwa. Lakini si kila mwenye nguvu hiyo alikuwa mwovu. Katika kijiji walikuwako walinzi, ambao waliitwa abamanga, nao walisemwa kuwa na nguvu ya namna ileile; waliwaona wachawi katika ndoto na kupigana nao. Tena nguvu hiyo ilikuwa na kazi ya haki. Mtu akimdharau baba yake, au akiwanyima majirani chakula kilichowapasa, ilisemekana kuwa pumzi ya watu itamshukia kama baridi, naye ataugua homa mpaka alipe.

Sasa angalieni jinsi watu walivyokaa. Desturi ya Wanyakyusa ilikuwa ngeni hata kwa wageni waliozunguka Afrika nzima. Watoto wa kiume walipofika umri wa miaka kumi hivi, waliondoka nyumbani kwa baba zao wakajenga kijiji chao, marika pamoja. Walikua pale, wakaoa pale. Kwa hiyo jirani yako hakuwa ndugu yako wa tumbo moja bali mwenzako wa rika. Mali, yaani ng'ombe, ilikuwa ya ukoo. Lakini chakula, pombe, ulinzi na sifa njema ulivipata kwa majirani. Mtu mwenye ng'ombe wengi wa maziwa katikati ya marika wasio na kitu, je, alilala usingizi?

Katika mwaka ule ule wa 1951 Bibi Wilson aliandika makala akiwalinganisha Wanyakyusa na Wapondo wa Afrika Kusini, ambao alikuwa amekaa nao kabla ya kuja huku. Wapondo pia waliamini uchawi. Lakini kwao mchawi hakuwa na tamaa ya nyama. Tamaa yake ilikuwa ya mambo ya mwanamume na mwanamke, naye alituma viumbe vya ajabu. Wala hawakumshuku jirani wa rika. Mara nyingi lawama ilikuwa kati ya mke na mama wa mumewe, maana Wapondo waliishi kwa ukoo, na wanawake walioolewa walikuja kukaa katika miji ya wageni. Bibi Wilson akaonyesha kwamba kila watu huota jinamizi linalofanana na maisha yao. Penye tumbo la njaa na wivu wa maziwa, mchawi anataka maziwa. Penye wivu wa nyumba ya ndoa, mchawi anataka jambo jingine.

Kwangu mimi hilo ni jibu la nusu ya kwanza ya barua. Imani ile haikutoka hewani. Ilikaa palepale palipouma. Tena ilikuwa na faida, na tusiifiche: mtu aliyeogopa pumzi ya watu aligawa nyama yake, akamheshimu baba yake, akawaita majirani msibani. Lakini faida si ushahidi. Kijiti cha kuwatishia watoto wasicheze karibu na mto kina faida, na bado hakuna shetani mtoni. Faida ile pia ilikuwa na mlipaji wake, ambaye alikuwa mmoja tu, yule aliyenyoshewa kidole.

Haya, nusu ya pili. Msidhani wazee walikubali maneno hivihivi. Walidai ushahidi, na walikuwa na vipimo viwili. Kipimo cha kwanza kilikuwa maiti. Mtu akifa, tumbo lilipasuliwa na kutazamwa ndani, ili ijulikane amekufa kwa nini. Kipimo cha pili kilikuwa umwafi, yaani mwavi. Mshitakiwa, na mara nyingine mshitaki pia, alikunywa dawa mbele ya watu. Aliyetapika alikuwa safi. Asiyetapika alikuwa na hatia.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo penye kiini cha somo. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati mwavi ulitengenezwa kwa magome ya mti ambao wataalamu wa mimea huuita Erythrophleum. Sumu yake hushika moyo. Anayetapika mapema huitoa kabla haijaenea mwilini, na asiyetapika huenda akafa. Mtu atatapika au hatatapika kwa sababu nyingi: wingi wa dawa, ukali wa magome, mkono wa aliyeitengeneza, tumbo lilivyo siku ile. Hakuna hata moja katika sababu hizo inayohusu moyo mwema au mbaya.

Lakini kosa kubwa zaidi haliko ndani ya kikombe. Umwafi uliulizwa, "Ni nani?" Haukuulizwa hata siku moja, "Je, chatu wapo?" Mmoja akitapika, watu walisema si huyu, tumtafute mwingine. Hata washitakiwa wote wangetapika mmoja baada ya mwingine, hakuna ambaye angerudi nyumbani akisema, basi hakuna uchawi hapa. Vivyo hivyo tumbo la maiti. Matumbo ya binadamu yana sura nyingi, na anayetafuta chatu ataona kitu cha kufanana na chatu. Asipokiona, atasema marehemu hakuwa mchawi bali alilogwa. Kipimo ambacho majibu yake yote yanakwenda mahali pamoja si kipimo.

Msifikiri kwamba huo ulikuwa upungufu wa Wanyakyusa peke yao. Mwaka 1937 mtaalamu mmoja wa Kiingereza, Evans-Pritchard, alitoa kitabu juu ya Wazande wanaokaa katika nchi ya leo ya Sudani Kusini na kaskazini mwa Kongo. Wazande waliwanywesha kuku sumu na kuiuliza maswali. Kuku akifa au akipona, ndilo jibu. Walikuwa waangalifu, wakarudia swali kwa kuku wa pili ili kuhakikisha. Na majibu mawili yakigombana? Walisema sumu imeharibika, au mwiko umevunjwa. Wazungu nao, katika karne ya 16 na ya 17, waliwafunga washitakiwa kamba wakawatupa majini; aliyeelea alihesabiwa kuwa mchawi, na aliyezama alihesabiwa kuwa hana hatia, kama walimwahi kumtoa. Sheria za kuwaua wachawi Uingereza zilifutwa mwaka 1736 tu.

Sasa zikaja serikali za kigeni. Wajerumani walijenga boma lao hapa Tukuyu wakaliita Neu-Langenburg. Baada ya Vita Kuu ya kwanza wakaja Waingereza. Serikali ilikataza umwafi, na mwaka 1928 ikatoka Sheria ya Uchawi, ambayo ilimtia hatiani anayejidai kuwa na nguvu za uchawi, na pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Nasema wazi kwamba kukataza sumu ile lilikuwa jambo jema. Watu walikufa bure. Lakini tazameni lililofuata. Sheria iliondoa kipimo, haikuiondoa imani. Zamani aliyeshukiwa aliweza, kwa hatari ya maisha yake, kunywa na kutapika na kurudi kijijini akiwa amesafishwa mbele ya wote. Sasa alibaki na shaka juu ya kichwa chake mpaka kufa, wala hapakuwa na mahali pa kuishusha. Wazee wengi wa Kiafrika walilalamika kwamba tangu mwavi upigwe marufuku wachawi wamezidi. Maofisa walicheka. Mimi sioni cha kuchekwa. Ukimwambia mtu "acha" bila kumwonyesha kwa nini, ataacha mbele yako tu.

Wamisionari nao walikuwa wamefika mapema. Mwaka 1891 Wamoravian walipanda kutoka ziwani wakajenga kituo Rungwe, chini ya mlima. Mmoja wa wale wa kwanza alikufa mwaka uleule. Theodor Meyer alikuwa mmoja wao. Wamisionari wa Berlin walifika mwaka huohuo upande wa Konde, wakiongozwa na Merensky. Hawakupata watu upesi. Wamoravian walikaa mpaka 1897 ndipo wakambatiza mtu wao wa kwanza, mwanamke. Miaka sita! Watu waliwatazama kwanza: wanakula nini, wanamtendeaje mtumishi, mgonjwa akienda kwao anarudije, maskini akiwakimbilia wanamfukuza au wanampa mahali pa kulima. Wengi wa waliokwenda mwanzoni hawakwenda kwa sababu ya hoja. Walikwenda kwa sababu ya mahali pa kukaa na mtu wa kumtegemea, na mafundisho wakayapima baadaye, polepole, kwa maisha.

Tena neno lenyewe la Mungu walilolipokea halikuwa geni. Wamisionari walichagua jina la Kyala. Kabla yao Kyala alikuwa mmoja wa wakuu wa zamani waliotambikiwa, ambaye pango lake liko pwani ya ziwa, upande wa Matema. Hata daraja la mawe ya volkano juu ya mto Kiwira, ambalo leo tunaliita Daraja la Mungu, mtu hawezi kulitaja kwa Kinyakyusa bila jina hilo. Jipya lilipita mlango wa la zamani.

Na la zamani halikutoka lote. Bibi Wilson aliona kwamba Wakristo wa miaka ya 1930 walikuwa wameacha matambiko na wake wengi, lakini wengi wao hawakuacha kuamini kwamba wachawi wapo. Waliyaacha yale waliyoulizwa na kanisa; lile la usiku halikuwa na mwulizaji. Kwa upande mwingine, waliojua kusoma walianza kuwauliza wamisionari wenyewe. Karibu na mwaka 1930 lilitoka Nyasaland kanisa lililoitwa African National Church, likapata wafuasi hapa Rungwe, nalo liliwakubali wenye wake zaidi ya mmoja. Ibrahimu alikuwa na wangapi? Yakobo je? Mkimfundisha mtu kusoma, atasoma na kurasa ambazo hamkumfungulia.

Msije mkadhani namtuma kila mtu akatae maneno ya wazee. Sikilizeni habari hii. Wazee wa upande wa mlima Kyejo walisimulia kwamba zamani, siku za babu wa babu zao, moto ulitoka ubavuni mwa mlima pale Sarabwe ukatiririka chini. Mgeni angeweza kusema ni hadithi ya kulazia watoto. Lakini mtaalamu wa mawe, Harkin, ambaye kitabu chake juu ya volkano za Rungwe kilitolewa na idara ya serikali ya Tanganyika mwaka 1960, aliyatia maneno yao maanani. Alikuta ulimi wa mawe ya volkano ambao ni mpya kabisa ukilinganishwa na mawe ya kandokando yake. Kwa masimulizi yale wataalamu wakaupa mlipuko huo tarehe: karibu na mwaka 1800. Leo ukifungua orodha za volkano za dunia, Kyejo imo, na mwaka wake umetoka vinywani mwa wazee wa Kinyakyusa.

Tofauti ya chatu na moto wa Sarabwe iko wapi? Waliosema ni wazee walewale, kwa lugha ileile. Ila moto una shahidi wa pili ambaye hakuketi nao barazani, yaani jiwe. Kama jiwe lingekuwa kuukuu na limefunikwa na udongo mzito, hadithi ingeanguka. Iliwezekana ianguke, haikuanguka. Chatu hakuwekwa kamwe mahali ambapo angeweza kuanguka.

Nimetaja sheria iliyokataza bila kueleza. Ipo njia nyingine, na ni redio hii hii. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kama chenu, wakasikiliza, wakasoma kitabu kidogo pamoja, wakazungumza habari za malaria, kuhara, safura, kichocho na kifua kikuu. Baada ya mazungumzo kikundi kilitakiwa kuamua tendo, si kutikisa kichwa tu. Vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Mtu hakuambiwa "amini wadudu". Aliona jirani yake, ambaye anamjua kwa uvivu na kwa bidii zake, amechimba, akaona watoto wa jirani, akachimba. Nadhani ndivyo wengi wetu tunavyokubali mambo: tunamtazama anayesema kabla ya kupima kinachosemwa. Si njia mbaya siku zote. Ila jirani yuleyule mnayemwamini kwa choo ndiye mnayemwamini kwa habari za usiku.

Na hapa nifike kwangu mwenyewe, kwa kuwa nimewasema wazee, wamisionari na maofisa, na mimi sijajisema.

Mwaka 1997 nilikuwa darasa la tatu, tukikaa chini ya Kiwira. Jirani yetu alikuwa bibi mjane, mwenye ng'ombe mmoja na shamba dogo la migomba. Ilikuwa mwezi wa Juni. Mama mmoja wa kijijini alikuwa amerudi kutoka Kyela, alikokwenda kuwasaidia ndugu zake kuvuna mpunga, na mtoto wake mchanga mgongoni. Baada ya siku chache mtoto alishikwa na homa, kisha degedege, akafa usiku. Mnajua kule chini malaria ilivyo. Lakini asubuhi ile hakuna aliyetaja Kyela. Watu walikaa nje ya nyumba ya msiba wakiulizana nani ameona nini.

Mimi nilikuwa nimeamka usiku kwenda haja. Nikasema, na nilifurahi kuwa wakubwa wananisikiliza, kwamba nimeona kandili ikitembea nyuma ya nyumba ya bibi, usiku wa manane, ikisimama, ikiinama, ikitembea tena.

Nilisema kweli. Niliiona. Sikuongeza hata neno moja. Watu wakanyamaza, wakatazamana, na tangu siku ile hakuna aliyenunua ndizi zake. Watoto tulikatazwa kupita uani kwake. Mvua za mwaka ule zilipoanza paa lake lilivuja, na hakuna kijana aliyekwenda kuliezeka. Kabla ya Krismasi jamaa zake walikuja wakamchukua, na nyumba ikaanguka.

Siku ya tatu baada ya msiba alikuwa ametuletea chombo, kama ilivyo desturi kwa jirani. Alikiweka kizingitini akaenda zake, maana hakukaribishwa. Mama alikichukua kwa kitambaa, asikiguse kwa mkono, akakimwaga kwenye shina la mgomba. Nilikuwa nimesimama pale. Yalikuwa maziwa mazito, ya manjano. Ilikuwa dang'a. Sisi watu wa Rungwe, wafugaji tangu mababu, tunaojua maziwa ya siku ya kwanza na ya siku ya tano kwa kuyatazama tu, hatukuwa na hata mmoja aliyeuliza ng'ombe wa bibi alizaa usiku gani.